Siku ya Kucheka Mdomo Wazi

Naitwa Eunice, ila pale Kambarage ukiniulizia kwa jina hilo utazunguka mtaa mzima mpaka uchoke. Sema Mama Benja wa chakula, utaletwa mpaka kwenye masufuria. Meno yangu ni ya kahawia, na nalisema mapema ili usikae unaniangalia mdomoni huku unajifanya unasikiliza. Tumezaliwa kijijini, huko Kishapu, mbele ya Mhunze. Tumekunywa maji ya kisima kirefu cha pampu tangu tunajifunza kusimama, na maji yale yana madini yanayoingia kwenye jino likiwa bado ndani ya ufizi. Jino likitoka linakuja na rangi yake. Karibu kijiji kizima tuko hivyo. Mteja akinicheka, na mimi namcheka mpaka gego la mwisho, halafu nampunguzia nyama.

Mdogo wangu Juliana hakuwa na moyo huo. Sura anayo, sauti anayo, heshima ndiyo usiseme. Lakini alipokuja kusoma sekondari hapa mjini wenzake wakambatiza jina la Arusha, kwa sababu watu wanajua meno haya ni ya Arusha tu, hawajui kama na Kishapu yapo. Toka hapo akawa anacheka midomo imefungwa, na kichekesho kikimzidi anageukia ukutani. Nilimgombeza sana. Nilimwambia meno ni ya kutafunia, asiyeyapenda aangalie pembeni. Yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Kilichommaliza kabisa ni sendofu ya Mariana, binti wa baba yetu mkubwa, sherehe ya kumuaga akaolewe. Tumevaa sare, tumependeza, tumepanga mstari wa picha, Juliana kajisahau anacheka, mpiga picha akashusha kamera akasema mbele ya ukumbi mzima: "Dada wa pili pale, funga mdomo kidogo, unaniharibia picha." Watu wakacheka, wala siyo kwa ubaya, ni mazoea tu. Mimi yule kijana nilimpa vidonge vyake papo hapo, nikamwambia aende akapige picha mbuzi. Juliana alifunga mdomo kama alivyoagizwa.

Tukiwa tunarudi akaniambia, "Dada, mimi siku yangu nataka nicheke mdomo wazi. Siku moja tu, halafu basi." Hakutaka gari la maua, hakutaka shela ya kutoka Dar. Alitaka hicho tu. Nami nilimwelewa, maana hata ukali wangu una mwisho.

Baadaye akapata kazi Katoro, kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu, jirani na maduka ya dhahabu. Hapo ndipo alipokutana na Ignas. Ignas ni Msumbwa, kwao ni Ushetu, kijana mpole mpaka unatamani umfinye uone kama anaumia. Alikuwa anafanya kazi kwa broka mmoja, yaani wale wanaonunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Mchimbaji analeta kipande chake kimechafuka, kina rangi ya kutu na weusi weusi. Ignas anakichoma kwa moto wa gesi, halafu anakidumbukiza kwenye bakuli la asidi. Kinachemka, kinatoa moshi, anakitoa kwa koleo na kukisuuza, kinang'aa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kutwa nzima, na vidole vyake vilishageuka manjano kwa ile asidi. Nakueleza hivi kwa sababu bila kuijua kazi yake utamwona mchawi.

Alimpenda Juliana na meno yake hayohayo. Hilo nitalisema hata nikiwa nimemkasirikia. Posa ikaja, wazee wakakaa, ng'ombe wakakubalika, sendofu ikapangwa baada ya mavuno ya pamba. Hapo ndipo Juliana alipoanza kuhangaika.

Kila alichokiona kwenye simu alikifanya. Leo majivu, kesho mkaa wa kusaga, keshokutwa limao na chumvi, mara anasugua maganda ya ndizi. Alikuja kunitembelea nikamkuta bafuni anatema damu. Nilimshika mkono kama mtoto, nikampeleka kwa daktari wa meno hapa mjini, mama mmoja mtulivu, mwenye miwani, anayeongea taratibu mpaka unasahau uliogopa nini. Yule mama alimkagua bila kukunja uso. Akamweleza kwamba limao linalila jino, mkaa na majivu yanalikwangua, na ngozi ya jino ikishaondoka hairudi tena. Akasema kutunza weupe wa meno nyumbani ni jambo la kuchosha na halina siri yoyote. Mswaki laini, dawa ya meno ya kawaida, asubuhi na kabla ya kulala, mkono usikandamize. Punguza chai ya rangi na soda, suuza mdomo ukimaliza kula. Ukitaka dawa ya kung'arisha, tumia ile anayokupa daktari baada ya kukukagua, usinunue ya mtandaoni. Hivyo ndivyo madoa ya chai na ya sigara yanavyoondoka.

"Lakini haya yako hayakuchafuka, binti," akamwambia. "Yamejengwa hivi tangu utotoni. Hospitali kubwa kule Mwanza wanaweza kuyafifisha kidogo au kuyafunika kwa juu. Nyumbani hayatoki, usidanganyike."

Nikauliza gharama ya kuyafunika. Akanitajia. Mimi na Juliana tukaangaliana, tukashukuru, tukatoka.

Na hapa namtetea mdogo wangu, maana baadaye watu walisema ni mjinga wa kukurupuka. Siyo kweli. Alirudi Katoro akafuata kila neno la yule mama. Aliacha limao, aliacha mkaa, chai ya rangi akaisahau. Ufizi wake ukapona. Meno yakawa safi kabisa, hata mimi niliona, na rangi ikabaki ileile ya kahawia. Alikuwa akinipigia simu analia, ananiambia, dada, nimefanya yote. Mimi mpishi, mwenye maneno mengi kuliko chumvi, nilikuwa naishia kumuuliza amekula nini. Angekuwa mvivu ningemtukana tukaelewana. Lakini alifanya sawasawa, na haikusaidia kitu, na mpaka leo hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Siku zikakaribia. Kadi zikaanza kusambazwa. Ndipo alipomweleza Ignas kile ambacho hakuwahi kumweleza, habari ya mpiga picha na hamu yake ya kucheka siku moja. Ignas alikaa akafikiri. Na akili ya mtu inakwenda kule mikono yake inakoshinda. Alichukua matone machache ya ile asidi ya dukani, akachanganya na maji kwenye kichupa cha dawa ya macho, akajaribu kwanza kwenye gego lake mwenyewe. Likawa jeupe. Akasubiri kama litauma, halikuuma. Akampelekea mchumba wake kile kichupa amekifunga kwenye leso, kama zawadi.

Juliana akakaa mbele ya kioo akapaka kwa kijiti cha pamba, jino moja moja, yale ya mbele ya juu. Kahawia ikatoka.

Mimi nilikuwa napakua wali picha ilipoingia kwenye simu. Juliana mdomo wazi, meno meupe, weupe wa chaki. Nikaacha mteja na sahani yake mkononi nikapiga. Nikamuuliza ametumia nini. Alicheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake tangu utoto, akasema ni siri ya bibi harusi. Nikamwambia siri za mdomoni mimi sizitaki, nitajie dawa. Nikauliza tena na tena, na yeye anazidi kucheka, mwisho akakata. Nilikasirika, lakini nisiwe mwongo, kile kicheko kilinifurahisha pia.

Weupe ule haukukaa. Kumbe jino lililoliwa na asidi linakuwa jeupe likiwa kavu, likikaa na mate linaanza kurudisha rangi yake ya zamani. Juliana akapaka tena. Akapaka tena, na kila mara akawa anapunguza maji kwenye mchanganyiko. Ikafika hawezi kunywa maji ya baridi, kisha hawezi ya vuguvugu, kisha hata upepo wa pikipiki ukimpiga mdomoni machozi yanamtoka. Alikuwa anajifunga kitambaa, anawaambia wateja ni vumbi la mawe yanayosagwa. Akajikaza. Alikuwa anajiambia siku ikishapita ataacha. Siku moja anakula muhogo wa kuchemsha, muhogo laini hata bibi kizee anautafuna, jino la mbele likavunjika. Alipolishika vidoleni likamong'onyoka.

Alikuja kwangu na basi la asubuhi, amejifunga kanga mpaka puani. Wateja walikuwepo, nikawaambia wajipakulie. Nikamwingiza chumbani, akafungua kanga, nikakaa chini. Ufizi ulikuwa umebabuka, mwekundu na mweupe. Meno ya mbele ya juu yamebaki vipande vyenye ncha, na kwenye vipande vyenyewe, kule karibu na ufizi, kahawia bado ipo. Nilimuuliza dawa gani, safari hii akanitajia. Nililia mbele yake, jambo ambalo dada mkubwa hapaswi kufanya.

Kesho yake nilikwenda Katoro. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilikuwa nayo ya kutosha. Nikaingia kwenye lile duka nikamchamba Ignas mbele ya broka wake, mbele ya wachimbaji na vifurushi vyao. Nikamwita muuaji. Nikamuuliza kama mama yake alimzaa na kichwa au alimzaa na bakuli. Hakuna aliyenizuia. Ignas alisimama na koleo lake mkononi mpaka nilipoishiwa pumzi.

"Shemeji," akasema, "mimi kila siku naona kitu kichafu kinaingia mle kinatoka kinang'aa. Sijawahi kuona kimetoka kimeharibika."

Nilitaka kumzaba kofi. Mkono ukakataa, kwa sababu alikuwa anasema kweli yake. Asidi ile inakula uchafu wote na kuiacha dhahabu ilivyo, na yeye maisha yake yote ya kazi hajaweka mle kitu kingine. Nani angemfundisha kwamba jino halivumilii? Akafungua mdomo akanionyesha gego lake alilojaribia. Lilikuwa na shimo jeusi. Alikuwa amekaa na maumivu yake siku zote bila kumwambia mtu, na alipojua maana yake alikuwa amechelewa. Nilitoka nje nikaegemea ukuta wa duka. Nilikuwa nimekwenda kumchukia mtu, nikarudi sina wa kumchukia, na hiyo ni mbaya zaidi.

Yule daktari wa miwani hakumgombeza Juliana. Alimkagua, akavua glavu, akasema meno ya mbele ya juu hayaokoleki. Tukaenda Mwanza yakang'olewa. Ignas aliuza pikipiki yake bila kuambiwa na mtu. Sendofu tukaisogeza mbele, tukasingizia msiba wa ukoo, na mimi mwenyewe ndiye niliyeutunga huo msiba.

Mama yetu, mayu, alikuwa kijijini. Tulipompeleka Juliana kwake hakuuliza habari ya asidi. Alimshika kidevu akasema, "Ng'wana wane," mwanangu, kisha akageukia ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni. Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini kama maji aliyotuchotea ndiyo yaliyotufanya hivi. Nikamwambia hapana. Akasema, "Asante kwa kunidanganya."

Fundi wa meno ya bandia alimletea Juliana kipimo cha rangi achague. Alimshauri achukue inayofanana na meno yaliyobaki, yasishtue. Juliana alichagua jeupe kupita yote. Nikafungua mdomo nimwambie yatachekesha yakikaa na yale ya chini, kisha nikaufunga. Ya chini hayaonekani akitabasamu. Tayari alikuwa ameshajipima kwenye kioo.

Siku ikafika. Ukumbi wa Mhunze ulijaa, sare ya zambarau kila kona, mziki mpaka mabati yanatetemeka. Juliana akaingia. Akacheka mdomo wazi.

Nikwambie ukweli, alipendeza mpaka nikaogopa. Vigelegele vilipigwa, mashangazi wakasimama, mpiga picha akamfuata mbele nyuma. Mle ukumbini waliojua ni mimi, mayu, Ignas na yeye mwenyewe. Hata upande wa Ignas hawakujua, tuliona hilo ni la kuambizana baada ya ndoa. Meno yalikuwa yanambana, hakuweza kutafuna hata kipande cha ndafu, lakini alicheka na kila aliyemsogelea. Nilikuwa namwangalia, nafurahi, na chini ya furaha moyo unaniuma vibaya sana. Nikaamua kwenda kusaidia kupakua chakula, maana nikiwa na kijiko mkononi huwa silii.

Huko nyuma, kwenye chumba cha vyombo, akanifuata Dorah. Dorah ni binti wa shangazi yetu, amemaliza kidato cha nne, na meno yake ni ya kahawia kuliko ya kwangu, mengine yana vishimo. Akanisalimia shikamoo, nikaitikia, akaanza kunisaidia kufuta sahani. Kisha akaniuliza dada Juliana ametumia nini.

Nilimwambia palepale, bila kuzunguka. Nikamwambia yale ni ya bandia, ya kwake yameliwa na asidi ya dhahabu, yameng'olewa Mwanza, na kama anataka ushauri apige mswaki na amshukuru Mungu. Akatabasamu midomo imefungwa. Akasema, "Dada Eunice, mnaficha. Mtu akishapendeza hataki mwenzake apendeze." Akasema habari ya dawa ya dhahabu ilishafika kijijini kutoka Katoro, kuna rafiki yake ana kaka anayechimba huko Geita, ameahidi kumletea kichupa Jumamosi. Alichotaka kwangu ni kujua tu kipimo cha maji.

Niliweka sahani chini. Nikamwapia kwa jina la baba yetu aliyekufa, akaniangalia kama ninamuuzia kitu. Nilimshika mabega nikamtikisa, akaanza kulia, akasema namwonea wivu. Kule ukumbini Juliana alikuwa anacheka, alikuwa na siku yake hiyo moja, na ushahidi wangu wote ulikuwa ndani ya mdomo wake. Nilisimama pale sijui nifanye nini, na mimi si mtu wa kukosa la kufanya.

Nikaenda nikamnong'oneza Juliana. Sikumwambia afanye chochote, nilimwambia tu Dorah analetewa kichupa Jumamosi. Uso wake ulibadilika. Akamwomba MC dakika chache, akanyanyua gauni, akanifuata.

Chumbani walikuwepo wanawake wengine, wapishi wetu, na dada wawili wa Ignas waliokuja kuchukua maji. Nilitaka niwatoe. Juliana akatikisa kichwa. Alisimama mbele ya Dorah, akaingiza vidole mdomoni, akavua meno, akayaweka kiganjani. Midomo yake ikaingia ndani. Ghafla alikuwa mzee, na vipodozi vile vyote na shanga za kichwani. Mmoja wa wale dada wa Ignas akatoa sauti ndogo, akaweka jagi chini.

"Angalia vizuri," Juliana akasema, na maneno yalikuwa yanamtoka na upepo. "Nilipaka kidogo tu, na maji mengi. Usipake, Dorah. Nakuomba."

Akamfungulia mdomo, akainama kwenye mwanga wa dirisha ili aone lile pengo lote na ufizi wenye makovu. Nilimshukuru Mungu, nikajua amesikia, nikajua angalau hii siku iliyoharibika imeokoa mtu.

Dorah aliangalia ule mdomo. Kisha akaangalia yale meno kwenye kiganja cha Juliana, akainama kabisa, akayaangalia kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo dada," akauliza, "mtu akiyang'oa yote, wanamwekea meupe hivi?"

Juliana akafumba kiganja juu ya yale meno. Akanigeukia mimi. Ukumbini MC alikuwa anamwita kwenye kipaza sauti, anasema keki inamsubiri.